Nyumba Yenye Midomo Miwili

Florence Alum alitumwa yai.

Sajini mstaafu wa polisi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, aliyewahi kumzaba kofi mwizi wa pikipiki mpaka mwizi mwenyewe akaomba afungiwe selo haraka... leo anatumwa yai! Tena si yai la dukani hapo Naguru. Mama mkwe wake, Abwola, alitaka yai la kuku wa kienyeji, ambalo halijawahi kuingia kwenye friji. Basi alasiri Florence akapanda boda mpaka Kalerwe, akasimama kwenye tope la soko akibetua midomo kwa kila mtu na kila kitu. Wachuuzi walimkera kwa kelele. Nyanya zilimkera kwa kuoza. Zaidi ya wote alimkera yule kizee aliyeamini kwamba yai linaweza kumlinda mtu.

"Moja tu?" mwuza mayai alishangaa.

"Moja. Kwetu kuna mutu bado anaishi zamani," Florence akajibu, akalitia yai mkobani kama kitu cha aibu.

Jioni hiyo mwanawe wa pekee, Komakech, alikuwa anarudi kutoka Somalia, alikokuwa dereva wa jeshi kwa mwaka na miezi mitatu. Kwa Waacholi, aliyekaa mbali kiasi hicho hukanyaga yai bichi mlangoni kabla ya kuingia ndani. Yai hulazwa kwenye panda ya kijiti. Likipasuka, yote yaliyomwandama huko alikotoka hubaki nje. Florence aliyajua hayo tangu utotoni, na tangu utotoni aliyadharau. Kwake yalikuwa mambo ya watu wasioona umeme.

Nyumbani alimkuta Bisimwa, mkandarasi, akimsubiri.

Huyo naye! Mkongo mwenye kofia ngumu ya njano asiyoivua hata akinywa chai. Alijiita injinia. Aliahidi kujenga gereji ya kulaza gari la Komakech kwa wiki tatu, akaijenga kwa miezi minne, na bado ukuta mmoja ulikuwa umelalia upande kama mlevi. Kila alipochelewa alikuwa amefiwa. Mashemeji wa Bisimwa walikufa kila Jumatatu.

"Imeisha, Afande," alisema, akimpa rimoti. "Unafinya hapa, lango inapanda. Unafinya tena, inashuka."

"Miezi ine kwa kitu ya kufinya?"

Bisimwa akacheka. Florence hakucheka.

Gereji ilishikana na jiko, na kwenye ukuta wa katikati Florence alikuwa ameamuru utobolewe mlango. Aliuona kwenye runinga: mtu anaingia na gari lake, lango la chuma linashuka nyuma yake, anafungua mlango mdogo, na tayari yuko jikoni, tone la mvua halijamgusa. Alitaka mwanawe arudi nyumbani kwa heshima hiyo. Abwola alipinga tangu siku ya msingi.

"Nyumba iko na mdomo moja," kizee alisema. "Ukitoboa ingine, utajua namna gani nani ameingia?"

Hata Bisimwa siku ile alisita, akauliza kama Afande ana hakika. Florence aliwacheka wote wawili hapohapo, mbele ya vibarua.

Saa moja kasoro robo. Bisimwa alikuwa ameshaondoka. Abwola aliketi kwenye kigoda mlango wa mbele, kijiti chenye panda kikiwa miguuni pake na yai juu yake. Taa za gari zikamulika getini. Komakech alitua asubuhi, akapitia yadi ya magari kuchukua gari alilonunua, na sasa alikuwa anaingia nalo mwenyewe.

Florence akafinya rimoti. Lango likapanda.

"Bin kany!" Abwola aliita kwa Kiacholi, akipunga mikono yote miwili. "Komakech, kuja huku! Miguu yako ije huku!"

"Mama, wacha mutoto apumzike," Florence alimkemea.

Gari likampita bibi bila kusimama. Likaingia gereji. Lango likashuka.

Florence alikimbilia jikoni. Mlango mdogo ukafunguka, na huyo hapo, mwanawe, mrefu, mwembamba, amekauka midomo. Akamkumbatia. Akalia kidogo, akajifuta haraka asionekane. Komakech akaenda kwenye sinki kunawa mikono.

Nyuma yao, gerejini, mlango wa gari ukafungwa.

Paa.

Florence akageuka. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Mama."

Paa.

Maji yalikuwa yanatiririka. Komakech aliendelea kunawa, polepole, kidole kimoja kimoja.

Paa.

Ikaja harufu ya mpira ulioungua. Na chini ya hiyo, nyingine... nyama iliyosahauliwa motoni. Kitasa cha mlango mdogo kikashuka. Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Ukafungwa tena taratibu, kwa adabu, kama ufungwavyo na mgeni aliyelelewa vizuri.

"Ni upepo," Florence alisema kwa sauti kubwa. "Yule mujinga hajui hata kukaza kitasa."

Nje, Abwola aliokota yai lake, zima, akaingia nalo chumbani. 

Siku zilizofuata Florence alikuwa na jibu kwa kila kitu. Komakech halali? Amezoea kambi. Hali chakula? Joto la huko limeharibu tumbo lake. Na kila jioni, jua likizama, anapoingia gerejini na kukaa kwenye gari lisilokwenda popote? Anafurahia gari lake, nani asingefurahi?

Siku ya nne alitega sikio mlangoni.

"Obita, sogea," mwanawe alikuwa ananong'ona. "Latif, funga hiyo mlango. Oyat... Oyat, usilie."

Florence akaingia. Komakech alikuwa peke yake, mikono juu ya usukani.

"Unaongea na nani?"

Komakech aliutazama usukani. "Mimi ndiye nilikuwa naendesha, Mama. Wao walikuwa tatu. Bomu ilikuwa chini ya barabara. Mimi nilitoka na mkwaruzo hapa." Akagusa shavu. "Wao hawajui safari imeisha. Wananifuata kila pahali. Dereva ni mimi."

Askari mwingine angeshituka. Florence alimwambia aende hospitali apewe dawa ya usingizi, akarudi kukaanga samaki. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angemwona shetani kwenye uzio angemdai kitambulisho.

Ijumaa alichelewa sokoni. Alipofika jikoni, saa ileile ya magharibi, alisikia injini ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Lango lilikuwa limeshushwa.

Akavuta mlango mdogo. Moshi ukamjaa machoni. Akafinya rimoti, lango likapanda kwa uvivu uleule wa aliyelijenga. Komakech alikuwa ameinamia usukani, midomo imebadilika rangi. Florence alimkamata kwapani kwa mikono iliyoburuta wahalifu miaka thelathini, akamkokota hadi uani.

"Walisema tupashe injini," Komakech alikohoa. "Walisema... tunaondoka."

Nyuma yake, ndani ya moshi, mlango wa gari ukafunguliwa kwa subira. Wa pili. Wa tatu. Hatua zikapita kwenye sakafu mpya, zikaelekea jikoni.

Hapo dharau ikamtoka Florence. Aliogopa. Wala hakuona haya kuonekana.

"Mama!" alipiga ukelele. "Mama, lete yai!"

Abwola alikuwa amelihifadhi kibuyuni chini ya kitanda. Alilileta bila kusema "nilikwambia", na hilo lilimuuma Florence kuliko tusi. Wakamzungusha Komakech nje ya nyumba hadi mlango wa mbele. Akainua mguu. Yai likapasuka chini ya kisigino, kach, ute ukamwagika juu ya ngazi. Kijana akatetemeka mwili mzima. Kisha akatazama huku na huku.

"Mama," alisema, "nina njaa."

Alikula sahani mbili. Akalala bila kuota.

Kesho yake Florence alimwita Bisimwa aje kuziba mlango mdogo. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuja siku aliyoitwa. Alisikiliza kisa chote, mwiko mkononi, kisha akasimama mbele ya ule mlango.

"Afande, niulize kitu moja mbele ya kujenga. Bale batatu balikuja naye... beko upande gani? Mu gereji, ao ndani ya nyumba?"

Florence alikuwa amelala usiku mzima, na dharau ilikuwa imeanza kumrudia. "Kazi yako ni matofali, Bisimwa. Si maswali."

"Ni juu ya kujua nafungia nani wapi."

"Jenga!"

Akajenga. Na ukuta huo, ajabu, ulinyooka sawasawa. Jioni akapiga lipu upande wa jikoni, akatoka kuosha vyombo vyake uani. Aliporudi kuchukua mwiko aliousahau, alimkuta Florence amesimama mbele ya ukuta, hasogei.

Kwenye lipu mbichi kulikuwa na alama za viganja. Vitatu. Vimekandamizwa kwa nguvu, vya watu waliokuwa wanasukuma. Kimoja kilikuwa na vidole viwili tu.

Vyote vilikuwa upande wa jikoni.

Bisimwa akavua kofia yake ya njano. Florence hakuwahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa na mvi. "Ukuta ni yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mikono si yangu, Afande." Akaondoka, akauacha mwiko palepale.

Giza lilikuwa linaingia. Komakech alikuwa chumbani, amelala. Mkoromo wake ulisikika kupitia pazia la mlango wake. Florence akabaki jikoni.

Kiti kikaburutwa.

Kingine.

Kingine.

Harufu ikaja, mpira na nyama. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya kijana, yenye adabu, iliyochoka...

"Afande... dereva iko wapi?"

 Kiti kikasukumwa nyuma. Hatua zikaenda kuelekea kwenye pazia. Pazia likatikisika. Mkoromo wa Komakech ukakatika katikati.

"Dereva ni mimi!" Florence akasema.

Hatua zikasimama.

Uongo mtupu. Florence hakujua hata kuwasha gari. Sikuzote alisema udereva ni kazi ya watu wanaopenda kutukanwa. Lakini alichukua ufunguo ukutani, akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda gerejini, akakaa kwenye usukani, lango likiwa wazi.

Paa. Paa. Paa.

"Haya," aliwaambia. "Twende."

Injini hakuiwasha. Alikaa mpaka harufu ikaisha, kisha akarudi mlango wa mbele. Abwola alikuwa amelaza yai lingine, aliloagiza sokoni asubuhi. Florence, yuleyule Florence, akalikanyaga likapasuka, akaingia ndani.

Tangu hapo imekuwa kila jioni. Wakimkosa dereva kwenye gari watarudi kumtafuta kitandani, na anamjua watakayemkuta. Majirani wanacheka. Wanasimama getini kumtazama sajini mzima akishika usukani wa gari lililozimwa, akiongea na viti vya nyuma; wanabetua midomo, wanasema amezeeka vibaya. Florence anaujua mcheko huo. Ulikuwa wake. Kila siku mbili anakwenda Kalerwe mwenyewe kununua mayai ya kienyeji, na mwuza mayai haulizi tena. Komakech amenenepa. Amepata kazi ya kuendesha lori la mikate Bugolobi, hasikii tena wale watatu, na haelewi kwa nini mama yake amelipenda gari lake hivyo.

Jana jioni wale watatu walikawia kushuka garini. Ilikuwa giza kabisa Florence alipotoka gerejini, na miguu ilikuwa myepesi, kama ya mtu aliyetoka kuugua. Abwola alikuwa mlangoni na tochi. Florence akaweka kisigino juu ya yai, akakanyaga.

Hakusikia mlio.

Akainua mguu. Yai lilikuwa zima.

"Kanyaga tena," Abwola akanong'ona, akilimulika yai.

Akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, na uzito wake wote. Yai halikuvunjika. Halikutingishika hata kidogo.

Pazia la sebule likafunguliwa. Komakech akaja mlangoni na kikombe cha chai. Akatazama ngazi, pale hasa mama yake aliposimama, macho yakapita kana kwamba hapakuwa na mtu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama gereji iliyokuwa wazi.

"Bibi," aliuliza, "unaongea na nani?"