Maranda Mekundu

Kila alasiri akitoka shule, Munira alivua sare, akala, kisha akachukua ufagio wa chelewa na kwenda kwenye karakana ya baba yake, pale Keko. Baba yake, Fundi Khalfani, alikuwa mtu wa mninga, ile mbao nyekundu. Akishika randa kulainisha mbao, maranda mekundu yalimwagika mpaka yakamfunika miguu, naye hana habari. Munira ndiye aliyekuwa na habari. Aliyafagia, akayajaza kwenye karai, akavuka njia na kuyatupa mtaroni.

Mafundi wote wa mtaa ule walifanya hivyohivyo. Mtaro ulipita mbele ya karakana zao, ukateremka mpaka kwenye karavati lililopenya chini ya barabara kubwa. Kila mwaka, kabla ya masika, walikusanyika na majembe wakauzibua. Vuli hawakuihesabu. Mvua za vuli zilikuwa manyunyu ya kutuliza vumbi, nani ajisumbue? "Ni vuli tu," walisema, na randa zikaendelea kuimba.

Mwaka ule wa 1997 Munira alikuwa darasa la sita. Siku moja Mwalimu Benedicta, aliyewafundisha jiografia, aliweka chaki mezani akawatazama.

"Redio imetangaza kuwa vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa, huenda ikazidi masika, na mvua ziendelee mpaka mwakani," alisema. "Bahari imepata joto kuliko kawaida. Mwaka jana mliona wenyewe, vuli haikunyesha ya kulowesha kichwa. Majira tuliyoyazoea yanabadilika, na miaka ijayo yatazidi kubadilika. Mkawaambie wazazi wenu wajiandae."

Munira alikwenda moja kwa moja karakana, na sare yake mwilini.

"Shikamoo baba. Mwalimu anasema vuli itakuwa kubwa. Tuzibue mtaro."

"Marahaba. Mwanangu, mie nimezaliwa mji huu," Fundi Khalfani alijibu, penseli ikiwa sikioni. "Vuli haijawahi kunitolea nje hata kigoda. Hebu nishikie ubao huu."

Hakuwa mkaidi kwa kupenda, alikuwa na haraka. Mama Bupe, mwenye gesti mpya kule Mwananyamala, alikuwa ameagiza vitanda vya vyumba vyote. Fundi Khalfani alikuwa ametia akiba yake yote kwenye mbao, na mbao zenyewe zilijaa karakana, zimelazwa sakafuni. Siku hizo samani za kutoka ng'ambo zilishushwa bandarini kila wiki, na mafundi kadhaa walikuwa wamekwisha kufunga milango. Kazi ya Mama Bupe ikiharibika, karakana ya Khalfani nayo ingefungwa. Munira alilijua hilo, ndiyo maana kila alipotoka darasani aliyatazama mawingu kwanza.

Jumamosi moja mchana wingu lilishuka likawa jeusi tii. Mvua ilipoanza, mafundi walicheka na kusogeza viti ndani. Baadaye kidogo vicheko vilikatika. Maji ya mtaro hayakuwa yakiteremka tena, yalikuwa yakirudi. Yalipanda ukingo, yakavuka njia, yakaingia kwa Fundi Khalfani kama mwenye nyumba. Mbao za chini zilizama. Kopo la gundi lilielea likatoka mlangoni lenyewe.

"Kasimiri!" Fundi Khalfani alifoka, akiwa amesimama kwenye maji. Kasimiri alikuwa fundi wa milango, na karakana yake ilikuwa juu zaidi, mahali ambapo maji hayakufika. "Maranda yako ndiyo yameziba! Wewe uko juu, sie huku chini ndio tunaogelea!"

"Nani, mimi?" Kasimiri alijibu kwa hasira. "Mtaa mzima unatupa, iweje uone ya kwangu tu?"

Wangeshikana mashati, lau Munira asingekuwa ameshachukua jembe. Mvua ilikuwa imepungua. Alifuata mtaro mpaka kwenye karavati, akalitia jembe na kuvuta. Wazee wakaona haya kumwacha mtoto peke yake, wakamfuata.

Bonge la kwanza lilipotoka, kila mtu alisogea kulitazama. Fundi yeyote wa Keko anaijua mbao kwa rangi ya maranda yake. Maranda meupe yalikuwa ya paina, na paina ilikuwa mbao ya Kasimiri. Ya manjano yalikuwa ya mvule, na fundi wa mvule, aliyekuwa pale pale, aliinamisha uso. Lakini meupe yalikuwa machache, na ya manjano machache. Bonge karibu lote lilikuwa jekundu.

Munira aliyashika mkononi. Aibu ilimchoma, lakini hakuyaficha.

"Baba, haya ni yetu. Mie ndiye ninayeyatupa."

Fundi Khalfani alimtazama mtoto wake, akamtazama Kasimiri. "Unatupa kwa sababu mie sikukuonyesha pa kuyapeleka," alisema taratibu. "Kasimiri ndugu yangu, nimekukosea. Nisamehe."

"Yameisha, fundi. Niletee jembe."

Jumatatu Mama Bupe alifika, gauni amelikunja kukwepa matope. Aligusa mbao zilizovimba, akaguna.

"Fundi, Kurasini, kule bandarini, kuna vitanda vya chuma, vimekauka kwenye makontena yao. Nikikosa vyangu kabla ya Krismasi, nakwenda huko. Usije ukaninunia."

"Utavipata, mama," Fundi Khalfani alijibu. Mama Bupe alipoondoka, alivuta kigoda akaketi. "Munira, njoo. Mwalimu wako alisema mvua zitaendelea?"

"Alisema mpaka mwakani, baba."

"Basi tufanye kazi kama watu wa mvua."

Na kweli walifanya. Walipanga matofali, wakajenga vichanja, wakaziinua mbao zote kutoka sakafuni. Zile zilizolowa walizipanga kwa vijiti katikati ili upepo upite, na zilizopinda zilikatwa zikawa miguu ya vigoda. Siku za mvua walikata na kuunga ndani. Jua likichomoza hata kwa saa moja, Fundi Khalfani aliacha kila kitu akapaka vanishi, kwa kuwa vanishi haikauki kwenye unyevu. Mafundi waliupanua mtaro wakawekeana zamu ya kuusafisha, na zamu ya Kasimiri haikuwahi kukosa.

Kazi ya maranda ilibaki kwa Munira. Aliomba magunia matupu sokoni, akapita nyumba zilizofuga kuku wa kisasa akiuliza nani anataka matandiko makavu ya mabanda. Nyumba ya kwanza walimfukuza. Ya pili walimcheka. Ya tatu walisema lete, na wiki iliyofuata wakaja wenyewe na mkokoteni.

Desemba mvua ilipiga kuliko ile ya kwanza. Iliwakuta Munira na baba yake mlangoni, wamekodoa macho mtaroni. Maji yalijaa, yakafika ukingoni. Munira alimshika baba yake mkono. Maji yalizunguka pale kidogo kama yanayofikiri, halafu yakateremka kwa mngurumo mpaka kwenye karavati, yakapita. Sakafu ya karakana ilibaki kavu. Munira aliruka juu kwa furaha mpaka kandambili moja ikamtoka.

Vitanda vilipakiwa kabla ya Krismasi. Mama Bupe alikikalia kimoja, akakitikisa, kikagoma kutikisika.

"Vile vya Kurasini basi tena," alisema.

Jioni ile mafundi walikunywa kahawa mbele ya karakana. Wingu jingine lilikuwa likijikusanya upande wa bahari.

"Ni vuli tu," mmoja alitania.

Fundi Khalfani hakucheka. "Neno hilo lilikaribia kunifilisi," alisema. "Munira, sikiliza mwanangu. Ufundi wangu wote ulikuwa kwenye kitanda, nikasahau mlango wa maji. Mvua imebadilika, nasi lazima tubadilike, na tubadilike mapema, kabla haijatupigia hodi. Mtu akikuletea habari ya kesho, hata akiwa mtoto, muweke akae umsikilize."

Munira alitabasamu, akachukua ufagio. Alikusanya maranda ya siku ile, mekundu, mepesi, akayatia guniani na kufunga mdomo.

"Munira!" Kasimiri aliita kutoka karakana yake kule juu. "Pitia na kwangu, gunia limejaa!"

"Nakuja, Fundi Kasimiri!"