Koti Lililotoka Msumarini

Muuza mitumba alipokata kamba za robota, watu wakalivamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Msichana mmoja, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, akapenyeza mkono kati ya viwiko vya watu na kunasa kola ya koti la kijivu. Alivuta, koti halikuja. Upande wa pili alisimama kijana mrefu, shati limenyooshwa mpaka linaudhi, kashika mkono wa koti na hana mpango wa kuuachia.

"Nimeliona mimi kwanza," msichana akasema.

"Macho hayanunui, dada. Unalitakia nini?"

"Nina usaili kwa mawakili. Na wewe je? Hili la kike."

"Nataka vifungo vyake na bitana. Likibaki kitambaa, nitafutia cherehani."

Msichana alitamani kumpiga teke. Kwa siku tatu alikuwa amegombana na orodha yake mwenyewe: koti, viatu, sketi nyeusi, mkoba. Shangazi yake, aliyekuwa akimsomesha, alimtumia pesa za nguo pamoja na onyo: "Nunua kimoja kinachodumu. Ukininunulia vinne vya ovyo, usinipigie tena." Pesa zilitosha koti zuri au viatu vizuri, siyo vyote. Na baada ya wiki mbili angekwenda kwenye ofisi ya mawakili iliyotaka mwanagenzi mmoja tu, wakati nusu ya darasa lake waliitaka nafasi hiyo hiyo. Wengine walikuwa na baba zao wa kuwapigia simu wakubwa. Yeye angekuwa na koti.

Kijana akaligeuza koti nje ndani, hakuomba ruhusa.

"Soma huku kwanza. Bitana imechanika, bega la kushoto limekaa upande. Mwanafunzi mwenye akili ananunua viatu. Koti unaweza kuazima, viatu vya kuazima vitakutia malengelenge."

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio."

"Na ya kununua kwa hasira je?"

Msichana akalipa bei aliyotajiwa bila kuomba hata apunguziwe kidogo, ili tu amfunge mdomo. Shangazi angeona, angelia.

Hasira ilipopoa, bega lilikuwa bado limekaa upande. Wenzake wa bweni walimwelekeza kwa fundi mmoja nyuma ya soko, mlango wa mwisho, ambaye akisema Alhamisi huwa ni Alhamisi. Alifika akamkuta yule yule wa sokoni, futi ya kupimia shingoni, nguo za wateja zimetundikwa ukutani nyuma yake, kila moja na msumari wake.

"Wakili," Fundi akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umeniletea mkweche wetu?"

"Mkweche wangu. Nielekeze fundi mwingine."

"Mtaa huu wako wanne. Watatu watakuharibia. Wa nne ndiye unayemnunia."

Alimpima mabega kimya kimya, vidole vyake vyepesi, harufu ya pasi ya mkaa na sabuni ikimzunguka. Msichana alimchukia. Alijichukia zaidi alipogundua kwamba hataki apime haraka.

Akamwachia koti na namba yake. Simu zikaanza.

"Wakili, kifungo cha pili kimelegea. Nikikaze?"

"Unapiga simu kwa ajili ya kifungo?"

"Nipige kwa ajili ya nini?"

"Sijui. Aliyenunua vocha ni wewe."

Kesho yake ilikuwa bitana, keshokutwa mfuko. Kila simu ilianza na ugomvi na kumalizika wote wakicheka kwa shingo upande. Siku ya tisa Fundi alimaliza kueleza habari za kwapa la koti akasema, "Haya, mpenzi, baadaye."

"Rudia," msichana akasema.

"Nirudie nini, kwapa?"

"Fundi, usinichezee."

"Mpenzi," akarudia, polepole. Msichana akakata simu akakaa ameishika kifuani, mjinga mzima.

Jumatano, siku mbili kabla ya usaili, alipita kwenye studio ya picha karibu na lango la chuo. Mbele ya pazia jeupe alikaa mwanamke mzuri, midomo myekundu, akipigwa picha ndogo za maombi ya kazi. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Kifungo cha nne kilikuwa kimekolea kuliko vingine, maana Fundi hakupata kinachofanana navyo, akamwomba radhi kwa hilo kwenye simu nzima. Msichana hakusubiri picha ziishe, akaenda moja kwa moja kwa Fundi.

"Koti langu liko wapi?"

Fundi akageuka ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. Aliutazama kitambo, kisha akamtazama yeye.

"Nimemwazima dada yangu. Saa moja tu."

"Kila mwanamume wa mji huu ana dada."

"Ni dada yangu, tumbo moja."

"Hata angekuwa mama yako mzazi! Kumbe uliponiambia koti huazimwa ulikuwa unanipa notisi? Mimi ninakesha na hofu ya Ijumaa, wewe unavalisha wanawake jasho langu?"

Mwenye midomo myekundu akaingia wakati huo huo. Akasikia yote, akavua koti, akaliweka mezani, akainamisha kichwa asiseme neno. Msichana akalikunja kwa fujo.

"Subiri, mkono wa kushoto bado..."

"Usinisomee habari za mikono. Ushike wako."

Akaondoka, na kabla hajafika barabarani alikwisha kuifungia namba yake. Hata alipopigiwa kwa namba asizozijua, hakupokea. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuliona koti lile mgongoni mwa mwenye midomo myekundu.

Ijumaa aliingia kwenye chumba cha usaili akiwa amevaa koti juu, na chini viatu vyake vya zamani vilivyoliwa visigino. Walikaa watatu nyuma ya meza, na wa katikati, wakili mzee mwenye miwani, alianza kumtazama miguuni akapanda juu. Msichana akajibu swali la kwanza vizuri, la pili vizuri zaidi. Alipoombwa vyeti akanyoosha mkono wa kushoto, na mkono wa koti ukaachia begani, taratibu, mshono kwa mshono, mpaka ukaning'inia kwenye kiwiko. Mwanamke wa pembeni akaziba mdomo kwa karatasi.

Msichana akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Blauzi yake ilikuwa na kiraka kwapani na sasa kila mtu alikiona.

"Naomba kuendelea bila koti."

"Endelea," mzee akasema. "Nieleze kwanza kesi hii. Alaumiwe nani, mshonaji au mvaaji?"

Mashtaka yalikuwa tayari mdomoni mwake: fundi tapeli, nguo ya mteja, mwanamke wa studio. Kisha akaikumbuka ile sentensi aliyoikata katikati. Alitamani asiwe ameikumbuka.

"Mvaaji," akasema. "Kazi ilikuwa haijaisha, imeshikizwa kwa nyuzi za muda tu. Mshonaji alitaka kuonya. Mvaaji alikataa kusikia."

"Una hakika?"

"Nilikuwepo."

Mzee hakucheka. Aliandika kitu kirefu.

Nje ya bweni alimkuta mwenye midomo myekundu, safari hii midomo mitupu.

"Mimi ni dada yake kweli," akaanza. "Hakuniazima. Niliomba akakataa, nikaomba tena akakataa. Alipotoka kununua uzi nikalivuta msumarini. Nilisikia ulivyomsema nikanyamaza, nilikuwa naona aibu. Mdogo wangu hajala chakula cha maana tangu Jumatano. Basi, nitukane mimi."

Msichana alimtukana, kidogo. Alikuwa amechoka. Walikuwa bado wamesimama pale simu ilipoita kutoka ofisi ya mawakili.

Fundi alikuwa peke yake kwenye cherehani alipomwona msichana mlangoni, amekumbatia koti, mkono wake mmoja unaning'inia. Uso wake ulikuwa umekonda.

"Kwa nini ulinidanganya kwamba umemwazima?"

"Kinachotoka kwenye msumari wangu nimekitoa mimi. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Fundi akisema hakujua nguo imekwenda wapi, nani atamwachia nguo tena?"

"Mimi si mteja."

"Jumatano ulikuwa mteja. Ulinitukana kama mteja."

"Wamenichukua," akasema kwa ukali, kana kwamba anamshtaki.

Fundi akasimama. "Kwa koti?"

"Bila koti. Na walinitazama viatu tangu naingia. Ukicheka, naondoka."

Hakucheka. Alikunja midomo kwa shida, macho yamemjaa maji. Msichana akaona moyo unataka kumlegea, akatoa simu upesi.

"Koti ni pesa za shangazi, na anataka kujua limekuwaje. Mwambie wewe."

Akapiga, akaweka sauti ya wazi, akamsukumia simu.

"Shikamoo, shangazi. Mimi ni fundi nguo. Koti la mtoto wako liliharibika siku ya usaili. Lilitoka msumarini kwangu kabla halijaisha. Kosa ni langu."

"Marahaba," sauti ikajibu, kavu. "Nimeharibiwa nguo na mafundi tangu nizaliwe, sijapigiwa simu na hata mmoja. Wewe ni nani kwake?"

Fundi akamtazama msichana. Msichana akakunja mikono, hakumsaidia.

"Nataka kumuoa."

"Ameshaambiwa?"

"Anasikia sasa hivi, shangazi."

"Mpe simu." Fundi akamrudishia. "Haya, mama, unasema nini?"

"Nasema bado nina hasira naye."

"Hasira utakuwa nazo miaka hamsini, mimi nazijua. Sikuuliza hasira."

Msichana alimtazama Fundi kwa macho ya mtu anayetafuta kitu cha kumrushia.

"Nasema ndiyo," akajibu.