Mshale kwenye Frigo ya Alphonsine

Je, wewe umeshawahi kuona maandishi kwenye karto, lile boksi la mzigo, ukasema, "Haya ni ya wageni," ukapita? Bavon alifanya hivyo hivyo.

Bavon anavusha watu na mizigo kwa mtumbwi, kutoka mjini mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto. Kwake kila kitu kirefu kinalazwa: mlango, kabati, hata matela, godoro la bibi arusi. Kikisimama, mtumbwi unayumba. Basi frigo mpya ya mke wake, Alphonsine, nayo akailaza.

Alphonsine aliingoja frigo ile mwaka mzima, auze juisi ya tangawisi yenye baridi. Chupa kumi na mbili zilikuwa tayari mezani. Waya wa frigo alikuwa nao mkononi, karibu na tundu la umeme ukutani.

"Weka mu prise, mama," Bavon alisema.

"Ngoja kwanza!" Alikuwa Nathalie, jirani anayefanya kazi kwenye depo ya mizigo. Aliitazama karto tupu ya frigo pale pembeni. "Tonton, uliilaza?"

"Bon, iko murefu. Hata wewe ungekuwa murefu hivi, ningekulaza."

Nathalie akacheka. "Ona mushale, na hii neno: UP. Ni Kiingereza. Inasema juu. Upande huu uangalie mbinguni. Motere iko na mafuta ndani. Ukiilaza, mafuta inakimbilia mu tiyo, mu bomba zake. Ukiwasha sasa, motere inakufa."

Alphonsine akaficha waya nyuma ya mgongo. "Donc frigo yangu imekufa?"

"Hapana, tantine. Muisimamishe, ipumzike mpaka kesho saa hii. Na hapa kwenye bouton iko UP ingine. Hii inapandisha namba ya joto. Namba ikipanda, baridi inapunguka. Musibonyeze ovyo!"

Bavon alipitisha kidole juu ya zile herufi mbili, polepole.

Kesho yake wakawasha. Frigo ikanguruma vizuri. Kufika Jumapili, chupa zilitoka jasho.

Siku hizi Bavon anatafuta mshale kwanza. Karto yenye UP anaisimamisha katikati ya mtumbwi, chini kabisa, anaifunga kamba, anapiga kasia taratibu.

Jumapili ile walikunywa tangawisi wote watatu.

"Papa, mbona humalizi?" Alphonsine aliuliza. "Sukari iko kidogo?"

Bavon aliweka glasi chini. "Nathalie, UP najua kuisoma sasa. Utanifundisha na herufi zingine?"

"Zipi, tonton?"

"Zile za Alphonsine. Tangu tuoane nilitaka kuandika jina yake kwenye mutumbwi. Sikujua naanzia wapi."