Ujumbe wa Muuguzi wa Ndola

Kila jioni, nikishamaliza kuosha masufuria, watu wa mtaa wetu pale Katuba waliniletea Kiingereza. Mmoja alileta boksi la dawa kutoka Zambia, mwingine mfuko wa unga. Mimi nilikunja uso kidogo, nikapitisha kidole juu ya maandishi, kisha nikawaambia yanasema nini. Mara nyingi nilikuwa nabahatisha tu. Nani angenibishia? Nyumbani tunaongea Kiswahili, shuleni tunasomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza kilikuwa cha yeyote mwenye ujasiri wa kujifanya anakijua.

Jina langu ni Keren, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Katika zoezi la Kiingereza nilikuwa nimepata kumi na nane kwa ishirini, na mama alibandika karatasi ile ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria. Hakujua kwamba nilinakili kila kitu kwa Syntiche, tunayekaa naye dawati moja.

Babu yangu mzaa mama, Nkambo Stanislas, alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, na alipostaafu alibaki kulekule Sakania, mpakani. Mwezi wa tano tumbo lilimshika vibaya. Majirani wakamvusha hadi hospitali moja ya Ndola, Zambia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, wakamwacha mikononi mwa muuguzi na kumwachia namba ya mama. Jumatatu ujumbe wa muuguzi huyo uliingia kwenye simu yetu ndogo.

"Keren, kuya hapa!" mama aliita. "Soma. Banasema nini ya baba?"

Niliona neno la baba, neno la upasuaji na neno la Ijumaa. Katikati yake kulikuwa na vineno vifupi vifupi. Kimoja kimoja nilivifahamu, lakini vilipokaa pamoja sikuambulia kitu. Nilipaswa kusema sijui. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa imani yote aliyokuwa nayo, na majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

"Banasema batamupasua," nikasema, "na siku ya tano atatoka."

Kwetu siku ya tano ndiyo Ijumaa. Mama alipiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Kesho yake alikuja Mama Chishimba, jirani yetu anayefanya biashara Kasumbalesa na mwenye kadi ya simu ya Zambia. "Mama Keren, nimupigie ule nesi?" aliuliza. "Miye niko nasema Kibemba, tutasikilizana."

Mama alinigeukia mimi.

"Haina lazima," nikajibu haraka. "Nilisoma yote."

Jumatano tulikuwa na somo la Kiingereza. Mwalimu Osée alieleza kwamba lugha ile ina vitenzi vya maneno mawili. Put ni kuweka, lakini put off ni kuahirisha. Kisha akatuonyesha maneno ya kuunganisha, kama because na so, akisema tusiyaruke, maana ndiyo yanayotuambia sababu ni ipi na sasa tufanye nini. Akaandika ubaoni kwamba mechi imeahirishwa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo watu waje kesho.

Niliweka kalamu chini. Ujumbe wa muuguzi nilikuwa nimeusoma mara nyingi hata nimeukariri, na ulikuwa umeundwa vilevile. Nilibadilisha mechi na mvua tu, ukafunguka wote: madaktari wameahirisha upasuaji kwa sababu baba yako amedhoofika sana, kwa hiyo njoo kabla ya Ijumaa.

Siku zilikuwa bado zipo. Nilikimbia nyumbani, kweli nilikimbia. Nilimkuta mama anafua mashuka ya kitanda alichomwandalia Nkambo, aje kupona kwetu, huku akiimba, na mdomo wangu ukagoma. Nitasema tukishakula, nikajiambia. Tulikula bukari, ule ugali wetu, sikusema. Alhamisi mama alinunua samaki anayempenda baba yake, na siku hiyo pia sikusema.

Ijumaa asubuhi alivaa kikwembe chake cha kwendea misa, akakaa mlangoni kumngoja. Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote nikilia. Hakunipiga. Alikimbia bila viatu hadi kwa Mama Chishimba, nami nyuma yake.

Mama Chishimba alipiga simu. Aliongea Kibemba kwa sauti kubwa, halafu kwa sauti ndogo. Akaiweka simu chini taratibu.

"Mama Keren, ikala kwanza," alisema, akimvutia mama kiti.

Nkambo alikuwa amefariki jana yake jioni.

Kwenye kilio watu walinipa pole kama walivyowapa wengine, na kila pole ilinichoma. Ugonjwa ule huenda ungemchukua hata hivyo, sijui. Ninachojua ni kwamba alikufa bila binti yake, na hilo lilitokana na mimi. Mama aliongea nami mambo ya maji na sahani tu.

Wiki mbili baadaye ujumbe mwingine ulitoka Ndola. Mama alininyooshea simu. "Soma," alisema.

"Mama, siyajui yote," nikasema. "Twende kwa Mwalimu Osée."

Mwalimu hakutusomea. Alinirudishia simu, akaniuliza maneno yapi yanakwenda pamoja na lipi linayaunganisha. Tulikwenda polepole, mama akiwa amekaa kwenye kiti akitusikiliza. Nilipoelewa, niliona kwamba ujumbe una sehemu mbili. Sehemu ya pili ilikuwa na faraja. Ningeweza kumpa mama hiyo peke yake, naye angelala vizuri. Mwalimu alinitazama.

"Anasema hivi, mama: 'Baba yako aliendelea kukuulizia mpaka sauti yake ikaisha. Nilikaa naye ili asikufe peke yake.'"

Mama alijifunika uso kwa kikwembe, akalia sana. Alipomaliza alisema, "Njo vile nilitaka kusikia. Yote."

Tulipofika nyumbani nilibandua ukutani karatasi ya kumi na nane, nikamwambia kwamba majibu yale yalikuwa ya Syntiche. Aliichukua, akaikunja mara mbili.

"Keren," alisema, "kama ulisema 'sijui' ile siku ya kwanza, mbele ya bantu, ungeona haya dakika moja tu. Sasa hii tutaibeba miye na weye maisha yote. Kingereza iko muzuri, ukijifunze. Lakini mutoto mwenye anaweza kusema 'sijui', njo ule bantu bataamini kama anasema 'najua'."

Kisha akaniwekea simu mkononi.

"Sasa mujibie ule nesi. Andika aksanti ya kukaa na baba. Na neno lenye haujue, uniambie, tukaulize."