Mara ya Nne

Mimi ni fundi simu. Ndege kwangu ni ndege tu, aruke zake na mimi nishike zangu. Kwa hiyo jioni ile nilipomwambia mama kwamba naenda na msafara wa shemeji kuangalia ndege kule kwenye matete, alinitazama juu mpaka chini. Akaniuliza mimi na ndege wapi na wapi. Nikamjibu joto limenishinda, naenda kupunga upepo. Nikamwacha kibarazani kwenye kiti chake cha plastiki, simu sikioni, anamsikiliza dada.

Dada alikuwa na miezi minne kaburini.

Yeye na mumewe walikuwa na kazi moja, kutembeza watu wanaopenda kuangalia ndege. Mume anaongoza, dada anarekodi sauti. Siku ile mume alirudi peke yake. Akasema alikuwa kwenye gari, dada akateleza kwenye daraja la mbao akazama matopeni, na yeye hakusikia chochote. Alilia msibani mpaka ikabidi ashikwe. Mmoja wa waliomshika ni mimi. Nikikumbuka, natamani kuiosha mikono hii mpaka ngozi itoke.

Wiki tatu baadaye wakata matete waliokota simu kwenye tope, wakaileta dukani kwangu bila kujua ni ya nani. Mimi nililijua kava kabla sijaligusa. Nikaifungua, nikaisafisha kwa spiriti, nikaikausha siku mbili. Ikawaka. Rekodi ya mwisho ilikuwa ndefu. Mwanzoni ni ndege, halafu dada ananong'ona, "Tulia, huyo anakuja," anacheka kidogo. Mwishoni kabisa ni maji, mtu anahema, na maneno haya.

"Nipe mkono. Nipe mkono basi, mume wangu. Mbona unarudi nyuma?"

Sekunde tisa.

Polisi walisikiliza. Wakasema marehemu anaweza kuwa alimwita mumewe kwa hofu tu, hiyo si ushahidi kwamba alikuwepo. Mbona unarudi nyuma, hiyo nayo ni hofu? Na shemeji wakati huo alishaleta mwanamke mwingine ndani, anaanika nguo kwenye kamba ileile ya dada.

Mama sikumpa zile sekunde tisa. Nilimkatia kipande cha mwanzo, cha kunong'ona na kucheka, nikamwekea kwenye simu yake. Tangu hapo hana kazi nyingine. Anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena. Nikajiambia ni dawa yake, nikamwacha.

Halafu shemeji, bila haya usoni, akaniletea spika yake ndogo niitengeneze. Ile anayoivaa kifuani kwa mkanda, ya kuitia ndege. Nikaitengeneza vizuri sana. Na kabla sijamrudishia, nikaiunganisha na simu yangu.

Tulikuwa watu sita. Jua lilikuwa limeshuka kwenye matete lakini joto bado linatoka chini. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa mbele na darubini yake, anatuonyesha yangeyange na mnandi kama anafundisha darasa la kwanza. Shemeji akatusimamisha kwenye daraja la mbao. Akasema kuna ndege wa kahawia anayejificha humu, haonekani ila kwa kuitwa. Unamchezea sauti yake, anatoka.

"Lakini mara tatu tu," akasema. "Ukizidisha, hatoki kwa hamu. Anatoka kwa hasira. Anadhani kuna aliyekuja kumnyang'anya kilicho chake, na yeyote mwenye ile sauti ndiye adui."

Watu wakatikisa vichwa. Mimi nikaingiza mkono mfukoni.

Nikabonyeza.

"Nipe mkono..."

Shemeji akakikamata kifua chake. Wenzetu wakageuka, mmoja akacheka, akadhani ni simu inaita. Shemeji akawaambia spika imeharibika, wamfuate Mwalimu mpaka kwenye kibanda cha kuangalilia, yeye anakuja. Nyayo zikagonga mbao, zikafifia. Mimi sikuondoka.

Nikabonyeza mara ya pili. Akajaribu kuuvua mkanda, vidole vikamkataa.

"Shemeji," akanong'ona. "Umeitoa wapi hiyo?"

Nikabonyeza mara ya tatu.

Vyura wakanyamaza.

Ndege wakanyamaza. Upepo haukuwepo, lakini matete upande wa kushoto yakaanza kupinda... moja moja... yakija upande wetu. Harufu ya tope ikapanda, tope la chini kabisa, lisilowahi kuona jua. Na ndani yake, mafuta ya nywele ya dada. Nayajua. Nilikuwa nampaka mwenyewe.

Niliogopa, sitawadanganya. Lakini nikamtazama usoni yule mwanamume, nikaona anaomba kwa macho nisibonyeze. Dada naye alimwomba.

Mara ya nne.

Sauti ikatoka kifuani mwake. Na sauti ikajibu kutoka kwenye matete.

"Nipe mkono, mume wangu."

Karibu. Tulivu. Imelowa.

Shemeji akanyoosha mkono. Sijui kama alitaka. Bega lilikuwa linavuta nyuma na mkono unakwenda mbele. Akashuka kwenye daraja taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za kwake, mguu mmoja, halafu wa pili. Tope likamfika magotini. Likamfika kiunoni. Hapo ndipo akili ikamrudia, akanigeukia mimi.

"Shemeji, nipe mkono."

Mkono wake ulikuwa hapa, ningeweza kuugusa bila hata kuinama.

Nikarudi nyuma. Hatua mbili.

Nikamtazama mpaka mwisho. Na chini ya tope, baada ya yeye kunyamaza, spika iliendelea kusema maneno yaleyale. Simu yangu nilikuwa nimeshaizima.

Nilipiga kelele za msaada pale nilipoona inafaa. Wakaja mbio. Mwalimu akachomeka fimbo yake palepale nilipomwonyesha, ikagonga chini kwenye ugumu. Tope lilikuwa halifiki goti. Walichokoa mpaka giza likaingia, hawakupata kitu. Mwalimu akanitazama sana. Kwenye gari nilikaa nyuma, moyo mweupe. Ndiyo, mweupe. Ya shemeji sijutii hata chembe, na mwenye kutaka kunisema aniseme.

Nilifika nyumbani majirani wanakula chakula cha jioni. Kwetu taa ilikuwa haijawashwa. Kiti cha mama kibarazani kilikuwa kitupu, simu yake imelala juu ya kiti, inacheza yenyewe. Tulia, huyo anakuja. Kicheko kile kidogo. Tulia, huyo anakuja.

Ndipo nikakumbuka maneno ya shemeji. Yeyote mwenye ile sauti ndiye adui. Mara tatu tu. Na mama alikuwa anabonyeza mara ngapi kwa siku? Ishirini? Hamsini?

Nikaipita sebule mbio. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, miguu mitupu, ameunyoosha mkono wa kulia gizani. Harufu ya tope ilikuwa imejaa jikoni.

"Mwanangu, umechelewa," akasema kwa furaha bila kugeuka. "Dada yako yuko hapa nje. Anasema nimpe mkono."

Maneno hayo mama sikuwahi kumsikilizisha.

Nilimvuta kiunoni kwa nguvu zangu zote. Kulikuwa na uzito upande wa pili, nao ukavuta. Halafu ukaachia ghafla, tukaanguka wote wawili sakafuni. Kiganja cha mama kilikuwa kimelowa tope mpaka kwenye kifundo. Alilia sana, akanilaumu kwamba nimemfukuza dada.

Nimefuta rekodi zote mbili. Simu ya dada nimeivunja kwa nyundo ya kazini. Tangu hapo nalala kitanda kimoja na mama, mkono wake nimeufunga na wangu kwa mtandio, mafundo matatu, na mlango wa uani nimeupigilia misumari.

Leo nimeamka mtandio umefunguliwa. Mama alikuwa bado usingizini, anatabasamu. Nikaushika ule mtandio kuutazama vizuri. Mafundo yalikuwa yamefunguliwa taratibu, bila kuvutwa, na kwenye mtandio kulikuwa na alama za vidole vya tope. Upande wa mama hapakuwa na doa. Zote zilikuwa upande wangu. Aliyebonyeza mara ya nne ni mimi.