Bibi Aliyerudishwa na Ngiri

Sikilizeni, ndugu zangu, maana jambo hili lilitokea kwenye nyumba ya watu wenye akili zao timamu.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Mama Cherehani alikuwa chumbani akishona sare za shule. Mumewe, Fundi Redio, alikuwa sebuleni amefungua redio ya mteja. Bibi, mama mzazi wa Mama Cherehani, aliota jua kibarazani. Alikuwa mzee sana, kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Mke alidhani mume anamwangalia, mume naye akadhani mke yupo. Bibi akainuka kwenda kutafuta kuni, kazi aliyoiacha miaka mingi, akaingia msituni, akapotea.

Wa kwanza kumwona alikuwa Ngiri. Akampa shikamoo yake. Bibi akaitikia, kisha akamtazama kwa huruma, akidhani ni mume wa binti yake.

"Mkwe wangu, mbona uso umekukonda hivyo? Na hayo meno, umemwonyesha daktari?"

Ngiri akamuuliza tu kama amekula. Bibi akasema hakumbuki.

Ngiri akaita wenzake. Kima akatumwa mapera. Akarudi nayo, kila moja limeng'atwa, akaapa kwamba alikuwa anapima tu kama yameiva. Kobe akapewa kazi ya kuongoza msafara, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekwenda mwendo wa Bibi. Bibi akashika manyoya ya shingo ya Ngiri, wakaanza kutembea. Njia ya kwenda kwa Mama Cherehani Kima aliijua vizuri mno, hasa ile ya kupitia dirisha la jikoni, na hakuna aliyemuuliza aliijuaje.

Walifika jioni. Na hapa ndipo damu yangu inapochemka, ndugu zangu. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemtafuta. Cherehani inanguruma, redio inaimba. Chai ya Bibi ya asubuhi imepoa mezani, nzi ameelea ndani yake. Mama Cherehani alitoka kukung'uta nyuzi, akamwona mama yake uani.

"Kumbe ulitoka, mama?"

Fundi Redio akaja mbio na ufagio kumfukuza Ngiri. Ngiri hakusogea hata hatua.

"Weka ufagio chini, baba, ulete maji," alisema. "Mkweo ana miiba miguuni."

Mama Cherehani akapiga magoti mbele ya beseni, akaanza kuitoa miiba. Ndipo alipoziona kucha. Zilikuwa ndefu, zimejikunja, nyingine zimezama nyamani. Miiba ilikuwa ya siku ile. Kucha zilikuwa za miezi.

"Mama, zinauma?"

"Zinauma siku nyingi. Nilikwambia, ukasema nisubiri umalize upindo."

Mama Cherehani akalia palepale, mguu wa mama yake mkononi. Wanyama waliondoka zao, hata Kima hakuchungulia jikoni.

Cherehani sasa iko kibarazani, kando ya kiti cha Bibi, na Fundi Redio ndiye anayemkata kucha. Lakini kidole kimoja kilikuwa kimeoza. Hospitali walikikata.

FUNZO

Mzee anaweza kupotea akiwa amekaa kibarazani kwako. Usiseme ulidhani fulani anamwangalia. Nenda wewe, muulize amekula nini, mvue viatu, uitazame miguu yake. Na kama kazi imekubana mno, basi ona haya, kwa sababu Ngiri naye alikuwa na shughuli zake siku ile.