Makofi Yasiyo na Mikono

Wazazi wenzangu, mliokwisha kulaza watoto na mnaobembeleza bado, nipeni sikio. Haya yalitokea nyumbani kwa dada yangu, na laiti yangeishia kwake.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa na amani. Ule ugonjwa ulikuwa umefunga shule, masoko na kumbi, nasi tumejibana vyumba viwili: dada, mumewe, binti yao wa miaka mitano, mimi na mwanangu wa kunyonya. Shemeji alikuwa mwanamieleka. Mjini walimwita Nyundo, ila nyumbani Nyundo huyo ndiye aliyechemsha maziwa. Sufuria likiwa jikoni, alikuwa ametandika magodoro sebuleni, anamfundisha binti yake kuanguka.

“Kidevu kifuani,” alisema. “Mgongo ukigusa tu, piga godoro kwa kiganja. Kofi likilia, mgongo hauumii.”

Pa! Mtoto akaanguka, akacheka. Pa! Baba naye akaanguka, nyumba ikatikisika, jirani akagonga ukuta.

“Sasa nakuhesabia, baba! Moja! Mbili!”

Kabla ya tatu Nyundo akajinyanyua, mikono juu, akingoja makofi. Tukampigia.

Makofi yale, jamani, ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wake wa kwanza. Alilelewa kwa makofi ya baba yake, ya mashavuni, yasiyo na sababu. Alipokua akayapata yale mengine, ya ukumbi mzima umesimama, na hayo akayashika kama mtu aliyeokota dawa. Kumbi zilipofungwa akawa kama mlevi aliyefungiwa kilabu. Nilimkuta mara kwa mara mbele ya kioo, anawainamia watu wasiokuwepo.

Dada akatoka chumbani anakohoa. “Nani anachoma nini humu?”

Maziwa yalikuwa yameungua mpaka sufuria limekuwa jeusi. Moshi ulikuwa umemzunguka mumewe, naye wala habari hana.

“Baba Mtoto, hukusikia harufu?”

Nyundo akanusa. Akanusa tena. “Harufu gani?”

Tukatazamana. Nyote mnakumbuka, wakati ule jibu kama hilo halikuwa mzaha. Dada akamgusa shingo. Ilikuwa inaunguza.

Mchana akaja mwandaaji wa mapambano, ambaye watu walimwita Bwana Tiketi. Alifuatana na kaka yetu, kitinda mimba wa mama, mwanamieleka pia, jina lake la ulingoni Tingatinga. Kazi hiyo alifundishwa na shemeji mwenyewe. Bwana Tiketi alisimama mlangoni, barakoa inaning'inia kidevuni kama ndevu za beberu.

“Pambano kubwa liko palepale,” alisema. “Kukusanyika marufuku? Sawa, hatukusanyiki. Lile ghala la mbao mtaa wa pili limekaa tupu. Tunaweka ulingo, kamera, nyinyi wawili na mwamuzi. Watu watazame kwenye simu. Shangwe nimerekodi, zitatoka kwenye spika.”

“Mume wangu anaumwa,” dada alisema.

Nyundo akakohoa, akajichekesha. “Homa ya pambano hiyo.”

“Homa ya pambano ndiyo inaunguza maziwa?”

Bwana Tiketi akarudi nyuma kidogo, lakini hakuondoka. “Ameze vidonge mapema,” alisema kwa upole, “getini kipimajoto kisitusumbue. Na sikilizeni: bila watu ukumbini, maigizo yataonekana maigizo. Nataka mpigane kweli. Damu ikionekana, hakuna atakayezima simu.”

Tingatinga akajikuna kichwa. “Nimpige shemeji kweli kweli? Dada ataninyima chakula mpaka ninyauke.”

“Wewe piga,” Nyundo akamwambia. “Ishara yetu si unaijua?”

Hapa niwaeleze kidogo. Wanamieleka wakikabana hushikana mkono kwa siri. Mwenzako akikuminya kiganja mara moja, yuko salama. Akikuminya mara mbili, ameumia kweli, na wewe unamaliza bila mtazamaji kujua lolote. Mchezo wote ule wa kutisha umebebwa na kiganja kimoja.

Dada alimsihi, akamnunia, akamficha hata viatu.

“Ni mkanda wa ubingwa, mke wangu. Nikiuacha nitakumbukwa kwa lipi?”

“Mwanao hahitaji kukukumbuka. Anahitaji kukuona.”

Akameza vidonge, akaenda.

Jumapili alasiri tukakaa mbele ya simu ya dada, mtoto katikati yetu. Ghala liliwaka taa, spika zikamwaga vifijo vya maelfu ambao hawakuwepo. Mwamuzi alikuwa Mzee Kipenga, aliyewalea wote wawili kwenye kazi hii. Hapo nikaona jambo geni: wapiganaji wamevishwa glovu nene nyekundu.

“Usalama kwanza!” Bwana Tiketi akatangaza kwa mbwembwe. “Safari hii tunapigana na kinga mikononi!”

Kinga! Mwenye homa mmemwingiza ulingoni, halafu mnamfunika vidole.

Wakavaana. Tingatinga alimpiga ngumi ya kwanza mdomoni, nasi tukaona jino likiruka chini ya taa. Nyundo akamjibu kwa kichwa, nyusi ya kaka yetu ikafunguka, damu ikamziba jicho. Wakasukumana kambani, wakapigana viwiko vya mbavu, sauti kama mtu anapasua kuni. Kwenye kioo cha simu mioyo ilipaa na maneno ya watazamaji yakafuatana kama kumbikumbi: “Leo ndiyo leo!” “Mwue!”

Kisha Nyundo akaanza kuhema. Kifua kilikuwa kinapanda juu juu, midomo imekuwa rangi ya majivu.

“Ona anavyoigiza kukosa pumzi,” mmoja aliandika. “Msanii huyu!”

Tingatinga akamnyanyua juu ya kichwa, akambwaga. Mwili ukatua kwa kishindo kimoja, kizito.

“Mama,” mtoto akasema, “baba hajapiga kofi.”

Dada akasimama. Akampigia Bwana Tiketi kwa simu yangu, ikaita, haikupokelewa. Akarudia. Akaitupa simu kitini akatoka mbio, peku.

Nikabaki na watoto wawili na kile kioo. Nilimgeuza binti uso, nikambana kifuani pamoja na mwanangu, lakini mimi mwenyewe sikuweza kuacha kutazama. Walikuwa wamepanga kwamba Nyundo atainuka ashinde. Hakuinuka. Basi Tingatinga, akidhani mwenzake anavuta muda, akaendelea. Nilimsoma midomo: “Inuka, shemeji, zamu yako!” Akamkanyaga tumbo. Akamkaba shingo. Nikaona glovu ya Nyundo inamshika mkono, inafumba, inafumbua, inafumba. Kaka yetu alituambia baadaye: “Nilihisi sponji tu.” Mwishowe akachukua kiti cha chuma akampiga nacho mbavuni, mara ya kwanza, mara ya pili, kila pigo akisubiri ainuke. Spika zikanguruma kwa furaha. Mzee Kipenga alipiga filimbi, hakuna aliyeisikia.

Ndipo upande wa kioo akatokea mwanamke hana viatu, ameshika ubao. Dada yangu! Mlinzi akamdaka gauni, akapigwa kiwiko cha pua. Bwana Tiketi akamzibia njia, ubao ukamshukia begani, akakaa chini kama gunia. Dada hakumtazama tena. Aliifikia spika akaipiga mpaka ikapasuka, akaiendea ya pili akang'oa nyaya kwa mikono.

Kimya kikaingia ghalani. Na ndani ya kimya hicho sote tukaisikia pumzi ya Nyundo, inakoroma na kupiga mluzi kama mvukuto uliotoboka.

“Mke naye yumo!” watazamaji wakaandika. “Hadithi tamu!”

Kiti kikamdondoka Tingatinga. Aliivua glovu yake kwa meno, akamvua na mwenzake, akamshika kiganja kitupu. “Minya, shemeji. Nakuomba, minya.”

Vidole vikaminya. Mara moja. Tukangoja. Mara mbili.

Kaka yetu akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu mama azikwe.

Walimpakia kwenye gari la kubebea mbao. Mzee Kipenga alimpakata kichwa njia nzima, uso juu ya uso, akimwambia, “Vuta, mwanangu, vuta.” Hospitali waliona mbavu zilizovunjika na mapafu yaliyojaa ule ugonjwa. Nyundo alilala na oksijeni wiki kadhaa, tukamtazama kupitia dirisha. Alirudi akiwa amekonda, panda ngazi mbili apumzike, lakini alirudi.

Mzee Kipenga hakurudi. Ile pumzi aliyoikinga kwa uso wake ndiyo iliyomwangusha, na tulimzika tukiwa wachache, tumesimama mbalimbali.

Bwana Tiketi, mkono ukiwa umefungwa, alipiga simu. “Watazamaji hawajawahi kuwa wengi hivi,” alimwambia dada. “Wanauliza marudiano ni lini.”

“Waambie waende makaburini,” dada akajibu. “Mwamuzi anawasubiri.”

Tingatinga sasa anabeba mbao katika ghala lilelile, na hajakunja ngumi tena. Siku shemeji aliporudi, binti yake alitandika godoro. Baba akaketi juu yake taratibu, akiminya mbavu, akapiga kofi dogo kwa kiganja: pa. Mtoto akampigia makofi, watu wawili tu sebuleni, na Nyundo akajifunika uso akalia.

FUNZO

Wapendwa, homa ikifichwa haifi, inatafuta mwili mwingine. Anayejua kuwa anaumwa na akaingia kati ya watu anarusha ngumi asiyojua itatua kwa nani; Nyundo alitaka mkanda, Mzee Kipenga akalipa kwa roho. Kinga ya kuonyesha watu si kinga. Na sisi tunaotazama damu ya wenzetu tukiwa tumekunja miguu nyumbani, tusijione wasafi, maana pambano lile lisingekuwepo kama macho yetu yasingekuwepo.

Tuwafundishe watoto wetu kusema “nimeumia” kwa sauti, na tuwaamini wakisema. Tuwape sifa nyumbani wangali wadogo, wasije wakazitafuta kwa kuuza mbavu. Dunia ina vifijo vingi, lakini makofi yasiyo na mikono hayamwinui aliyeanguka.